Ngao za Fedha: Jeshi Lililomuuza Jemadari Wake

Watu wengi wakisoma habari za vita vya kale hutafuta mapanga. Mimi hutafuta mizigo. Nataka kujua jeshi lililala wapi, lilikula nini, na ni nani waliokuwa wanafuata nyuma na watoto mgongoni. Katika ugomvi wote wa warithi wa Alexander Mkuu, sijaona mahali ambapo mizigo iliamua mambo waziwazi kama kwenye uwanda wa Gabiene, upande wa Isfahan katika Iran ya leo, karibu mwaka 316 KK. Siku ile kikosi cha wazee 3,000 kilivunja safu ya adui iliyosimama mbele yake. Muda mfupi baadaye wazee haohao walimfunga mikono jemadari wao, wakamkabidhi kwa adui waliyetoka kumpiga.

Kikosi hicho kiliitwa Ngao za Fedha, kwa kuwa ngao zao zilipambwa kwa fedha. Kwa sikio la Mswahili jina hilo lina pande mbili, madini na pesa, na hadithi yao nayo ina pande hizohizo mbili. Jemadari waliyemuuza aliitwa Eumenes. Twende taratibu, maana bila kujua jeshi hili lilitengenezwaje hatutaelewa lilivunjikaje.

Philip wa Pili alipotwaa ufalme wa Makedonia mwaka 359 KK, alikuta nchi inayoonewa na kila jirani. Akampa mkulima na mchungaji wake mkuki mrefu kupita kiasi, sarisa, wa mita 5 hivi au zaidi, unaoshikwa kwa mikono miwili, pamoja na ngao ndogo ya kuning'inia begani. Mtu mmoja mwenye sarisa hana lolote; ukishampita ubavuni umemmaliza. Lakini wapange kwa mamia, safu 16 kwenda nyuma, na ncha za safu tano za kwanza zote zitatokeza mbele ya mtu wa kwanza. Hiyo ndiyo falanksi: ua wa miiba unaotembea. Kazi yake ilikuwa kumbana adui asisogee. Kumvunja ilikuwa kazi ya wapanda farasi, waliomjia kwa pembeni.

Hayo ya mikuki yanajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba Philip aliwanyang'anya askari wake mikokoteni. Inasimuliwa kwamba aliipiga marufuku, akaruhusu mtumishi mmoja tu kwa kila askari 10 wa miguu, na kwamba katika safari za kiangazi kila mtu alibeba begani unga wa siku 30. Alexander naye, kabla ya kuingia India, aliona jeshi limelemewa na nyara. Akachoma moto magari yake mwenyewe kwanza, kisha ya rafiki zake, ndipo akaamuru ya askari yachomwe. Baba na mwana walijua jambo moja: askari mwenye mali nyingi nyuma yake hatazami mbele vizuri.

Lakini huwezi kumweka mtu ugenini miaka 10, miaka 15, akabaki na mfuko wa unga tu. Askari walioa, wakazaa, wakalimbikiza vyombo, vitambaa, watumwa na sarafu. Alexander alipofariki Babeli, mwezi Juni 323 KK, jeshi la Makedonia lilikuwa limegeuka mji unaohama. Kwa mzee wa Ngao za Fedha, nyumbani hapakuwa tena kile kijiji cha milimani alikozaliwa. Nyumbani palikuwa mkokoteni ulioko nyuma ya safu, na aliyekaa juu yake.

Sasa, Eumenes. Huyu hakuwa Mmakedonia. Alikuwa Mgiriki wa mji wa Cardia, kwenye rasi tunayoiita leo Gallipoli, na kazi yake ilikuwa ukatibu: miaka saba kwa Philip, 13 kwa Alexander. Barua, hesabu, kumbukumbu za kila siku, vyote vilipita mikononi mwake. Wakubwa wa jeshi hawakumheshimu sana. Mmoja wao, Neoptolemus, alikuwa akimkejeli kwamba wakati yeye anamfuata mfalme na ngao na mkuki, Eumenes alikuwa anamfuata na kalamu na vibao vya kuandikia. Sisi tunaopenda vitabu tunaweza kucheka, lakini kejeli ile ilikuwa na sumu. Maana yake ni kwamba wewe karani, tena mgeni, siku ya siku hakuna atakayekufuata.

Alexander aliacha ufalme mpana bila mrithi wa kuushika. Wakatawazwa wafalme wawili kwa pamoja: kaka yake wa baba mmoja, Philip Arrhidaeus, ambaye hakuwa na akili timamu, na mtoto mchanga wa Alexander. Msimamizi akawa Perdiccas. Majemadari wakagawana nchi kama maliwali: Ptolemy akachukua Misri, Lysimachus Thrace, Antigonus akabaki Frigia. Antigonus alikuwa na jicho moja, hata jina lake la utani likawa Chongo. Karani Eumenes akapewa Kapadokia, nchi ambayo ilikuwa bado haijatekwa. Zawadi gani hiyo!

Amani haikufika mbali. Ptolemy aliuteka msafara wa maiti ya Alexander njiani, akaipeleka Misri, kwa sababu aliyekuwa na maiti ya mfalme alikuwa na hoja mkononi. Perdiccas akaenda Misri kumwadhibu, akamwachia Eumenes kulinda Asia Ndogo. Neoptolemus, ambaye sasa alipaswa kumtii yule aliyekuwa akimkejeli, akageuka. Wakapigana.

Hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watazame kwa makini. Falanksi ya Neoptolemus iliwazidi nguvu askari wa miguu wa Eumenes. Lakini wapanda farasi wa Eumenes waliwatawanya wenzao, wakazunguka, wakateka mizigo ya Neoptolemus. Falanksi iliyokuwa inashinda ikageuka na kukuta haina nyumba. Ikaweka mikuki chini, ikala kiapo cha kumtumikia Eumenes. Kwa hiyo mtindo huu wa kulinunua jeshi kwa mizigo yake lenyewe, karani wetu aliutumia mapema kabisa.

Siku chache baadaye Neoptolemus alirudi akiwa na Craterus, jemadari aliyependwa na Wamakedonia kuliko wote waliobaki. Eumenes alijua kuwa askari wake wakimwona Craterus watamkimbilia. Basi akawaficha wanapigana na nani, na upande wa Craterus akapanga wapanda farasi wa kigeni tupu. Craterus akauawa. Neoptolemus aliuawa na Eumenes mwenyewe, ana kwa ana, wakikabana hadi kuangukiana chini kutoka farasini. Mtu wa kalamu na vibao.

Ushindi huo ulimletea balaa. Kule Misri, Perdiccas alijaribu kuvuka Nile, akapoteza watu zaidi ya 2,000, wengi wao wakiliwa na mamba. Wakubwa wake mwenyewe wakamwua hemani. Mmoja wao alikuwa Antigenes, kiongozi wa Ngao za Fedha. Mlikumbuke jina hilo. Mara habari za kifo cha Craterus zikafika, na jeshi kwa hasira likamhukumu Eumenes kifo. Kazi ya kumwinda akapewa Antigonus Chongo.

Katika kukimbizana huko kuna kisa kimoja kinachonipendeza kuliko vita vyote. Eumenes aliikuta mizigo ya Antigonus njiani, chini ya ulinzi wa ofisa aitwaye Menander. Mali nono, ulinzi mdogo. Angeweza kuichukua. Lakini akafikiri: watu wangu wakijaza mikono nyara, kesho hawataweza kukimbia. Na kuwakataza waziwazi hangeweza. Akamtumia Menander ujumbe wa siri, kwa jina la urafiki, kwamba apande mlimani haraka, halafu akawaambia watu wake kwamba sasa mahali pale hapashambuliki. Wamakedonia wa Antigonus walimsifu sana kwa kuwahurumia wake zao na watoto wao. Antigonus akawajibu kwamba yule hakuwahurumia ninyi. Aliogopa kujifunga pingu wakati anatoroka.

Pingu! Adui yake alimsoma sawasawa. Watu hawa wawili walikuwa wanaelewana kuliko walivyoelewana na marafiki zao.

Mwaka 319 KK upepo ukabadilika. Msimamizi mpya wa wafalme, Polyperchon, alihitaji mtu wa kumzuia Antigonus, akamwandikia Eumenes kwa jina la wafalme: wewe ni jemadari wa Asia yote, tumia hazina ya kifalme iliyoko Kilikia, na Ngao za Fedha wakutii. Hebu fikirini. Antigenes, aliyeshiriki kumwua Perdiccas, sasa anaambiwa amtii mtu wa Perdiccas, tena aliyehukumiwa kifo na jeshi, tena Mgiriki, tena karani.

Eumenes hakujidai. Alisema ameota Alexander akiwa hai, anaamuru ndani ya hema yake. Ikasimamishwa hema tukufu, ndani yake kikawekwa kiti cha enzi cha dhahabu, taji na fimbo ya kifalme. Kila asubuhi majemadari walifukiza ubani, wakaketi mbele ya kiti kile kitupu, wakajadili mambo kana kwamba mwenyewe yupo. Hakuna aliyekuwa juu ya mwenzake. Wote walikuwa chini ya marehemu. Kwa kweli sijui mbinu ya kisiasa yenye huzuni kuliko hiyo. Wafalme walio hai hawakuwa na uwezo wa kumfanya mtu yeyote atii, ila kiti cha mfu kiliweza, kwa muda.

Na alikuwa na mbinu nyingine, ya kikarani hasa. Wale aliowashuku kuwa wanamchukia zaidi, aliwakopa pesa nyingi. Mdai hataki mdaiwa wake afe. Mbinu hii ilizaa matunda: wenzake walipopanga kumwua baada ya vita, ni wadai wake, akiwemo Eudamus aliyekuja na ndovu kutoka India, waliomtonya. Mapenzi hayakuwemo, waliogopea pesa zao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Eumenes aliishi kwa daftari.

Vita vikahamia Iran. Wakati wa baridi Antigonus alijaribu kumshtukiza kwa kupita jangwani, akikataza moto usiwashwe usiku. Baridi ikawashinda watu wake, wakawasha. Eumenes alipopata habari hakuwa na jeshi la kutosha karibu, basi akawatuma watu wachache kuwasha mioto mingi juu ya vilima, kwa nafasi zilizopangwa, ionekane kama kambi kubwa. Antigonus akaamini, akageuza njia. Eumenes akapata muda wa kuwakusanya watu wake.

Wakakutana Gabiene. Eumenes alikuwa na askari wa miguu 36,700, wapanda farasi kama 6,000 na ndovu 114. Antigonus alikuwa na askari wa miguu 22,000, wapanda farasi 9,000 na ndovu 65. Uwanda wenyewe ulikuwa mkavu, wa chumvi, na kwato za farasi na nyayo za ndovu zikatimua vumbi hata watu wasionane. Antigonus mwenye jicho moja ndiye aliyeona faida ya vumbi lile. Akatuma wapanda farasi wazunguke nalo, nyuma kabisa, kwenye mizigo ya Eumenes. Wakaichukua yote: wanawake, watoto, watumishi, fedha.

Katikati ya uwanja, Ngao za Fedha hawakujua. Inasimuliwa kwamba kijana wao alikuwa na miaka 60, na wengi walikaribia 70 au kuzidi. Walimtuma mpanda farasi awaambie Wamakedonia wa upande wa pili kwamba mnapigana na baba zenu, walioiteka dunia pamoja na Philip na Alexander. Kisha wakaenda. Wanasema walivunja falanksi yote iliyowakabili na kuua zaidi ya 5,000 bila kupoteza mtu wao hata mmoja. Hesabu hiyo mimi naipokea kwa chumvi ya uwanda uleule, ila kwamba walishinda upande wao, hilo halina ubishi. Upande wa wapanda farasi mambo yalikuwa mabaya. Peucestas, mmoja wa maliwali, alikuwa ameondoka na watu wake.

Usiku Eumenes aliwasihi: askari wa miguu wa adui wamevunjika, kesho tunamaliza. Wazee hawakumsikiliza. Walikuwa wameshajua kilichotokea nyuma. Teutamus, kiongozi wa pili wa kikosi, akatuma watu kwa Antigonus kuomba mizigo irudishwe. Jibu likaja: mtarudishiwa kila kitu, nileteeni Eumenes.

Wakamrukia, wakamnyang'anya upanga, wakamfunga mikono kwa mkanda wake mwenyewe. Alipokuwa akipitishwa katikati yao aliomba jambo moja, wamwue wao wenyewe palepale, asiuawe na adui. Walikataa. Hilo halikuwa katika mapatano.

Waandishi wa zamani wamewalaani wazee hawa, na wasomaji wengi wamefuata. Mimi nasita. Mtu wa miaka 65 aliyepigana tangu ujana, mke wake, wajukuu wake na mshahara wa maisha yake yote viko mikononi mwa adui, na anaambiwa apigane kesho. Kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya kiti kitupu? Mkono mtupu haulambwi, na mkono wa wafalme wale ulikuwa mtupu muda mrefu. Philip na Alexander waliweza kuchoma mikokoteni kwa sababu wao wenyewe walikuwa ahadi ya mikokoteni mingine. Eumenes hakuwa na ahadi ya namna hiyo. Alikuwa na akili, uaminifu, na madeni.

Lakini sitaki kuwasafisha kabisa, maana hata mnunuzi hakuwaheshimu. Antigonus alimweka Eumenes kifungoni siku kadhaa, akisitasita. Mwanawe Demetrius na Nearchus, yule amiri wa majini wa Alexander, walimwombea asife. Haikufaa kitu, akauawa. Mifupa yake iliyochomwa ikawekwa kwenye chombo cha fedha, ikapelekwa kwa mke na watoto. Antigenes, yule wa kwenye hema ya Perdiccas, alitumbukizwa shimoni akachomwa akiwa hai. Sehemu ya Ngao za Fedha wakakabidhiwa liwali wa Arachosia, pande za Kandahar ya leo, kwa agizo la siri kwamba awatume kwa makundi madogomadogo kwenye kazi ambazo hawatarudi. Aliyemuuza mmoja atamuuza na wa pili; Antigonus hakutaka kuwa wa pili.

Wakubwa waliobaki walijifunza, tena haraka. Mwaka 306 KK, huko Salamis ya Kupro, Demetrius aliwateka askari wa Ptolemy, akawasamehe, akawagawa katika vikosi vyake. Wakatoroka kurudi upande wa Ptolemy. Sababu? Mizigo yao ilikuwa imebaki Misri. Ptolemy alikuwa ameona kile ambacho Eumenes hakupata nafasi ya kukifanya: mizigo isimfuate askari, imngoje. Yeye na wanawe wakawapa askari mashamba kando ya Nile, watu wakalima, wakajenga, na vita vikiitwa wakaenda wakijua wanarudi wapi. Antigonus alijiita mfalme mwaka huohuo, wenzake wakafuata mmoja baada ya mwingine, na yeye akafa vitani Ipsus mwaka 301 KK, akiwa na miaka 80 na kitu. Nyumba ya Ptolemy ilitawala Misri hadi mwaka 30 KK. Sisemi ni mashamba peke yake. Nasema mashamba yalikuwamo.

Na haya yote tumeyajuaje? Kwa sehemu kubwa kupitia Hieronymus, mtu wa Cardia kama Eumenes, rafiki yake wa karibu. Siku ile ya Gabiene alijeruhiwa, akakamatwa pamoja na wengine. Antigonus akamtendea wema, akampa kazi. Akamtumikia yeye, kisha Demetrius, kisha mjukuu, Antigonus Gonatas. Inasemekana aliishi miaka 104. Aliandika historia ya vita hivi, ambayo yenyewe imepotea, lakini Diodorus na Plutarch waliisoma, na tunayoyasoma leo yana mkono wake.

Kwa hiyo ile hema yenye kiti kitupu, ile mioto juu ya vilima, ule mkanda uliomfunga Eumenes, vimehifadhiwa na mtu ambaye naye alibadilisha bwana uwanja uleule, wiki zilezile. Aliandika akila mkate wa nyumba iliyomwua rafiki yake. Na bado, katika kurasa zilizotufikia, Eumenes ndiye mwenye akili kuliko wote, na wazee wa Ngao za Fedha wanatokomea mashariki, wasiione tena bahari ya Ugiriki.

Neoptolemus alicheka kalamu na vibao. Habari zake Neoptolemus tumezipata kwenye vibao hivyo.